Ubao wa Mlango wa Kushoto

Mimi ni fundi wa viti vya magari, mtoto wa fundi wa viti vya magari. Kwa miaka yangu yote katika kazi hii nimewadanganya wateja kuhusu siku ya kumaliza kazi, kama tufanyavyo mafundi wengi, na kwa hilo sijitetei. Lakini mteja niliyemwibia ni mmoja tu, na kitu chenyewe hakikuwa na thamani hata ya kilo moja ya sukari. Kilikuwa kipande cha hadibodi. Nataka kukisimulia kisa hicho, ila nikianza na hadibodi msomaji hatanielewa. Sina budi kuanza na gari.

Gari hilo ni MGB, gari la Kiingereza la viti viwili, lenye turubai badala ya paa. Lilianza kuuzwa mwaka 1962 na kiwanda kikaacha kulitengeneza mwaka 1980, na katika muda huo yalitoka zaidi ya magari 500,000. Watu husema MGB zilitengenezwa Abingdon, mji mdogo karibu na Oxford, na si uongo, ila si ukweli wote. Bodi za magari haya ya turubai ziliungwa Swindon, zikapelekwa Cowley, pale Oxford, kupakwa rangi na kutandikwa ndani, ndipo zikaletwa Abingdon kutiwa injini na kukamilishwa. Kwa hiyo mtu aliyeuvisha ubao wa mlango nitakaoueleza alikuwa mfanyakazi wa Cowley. Jina lake silijui, lakini naomba msomaji amweke moyoni, maana atarudi.

Magari hayo tuliyaona Mombasa tulipokuwa watoto. Yalipita Kilindini Road, ambayo baadaye iliitwa Moi Avenue, turubai limekunjwa na mwenye gari amevaa miwani ya jua, nasi tukilikimbilia mpaka moshi unatushinda. Baba alikuwa na kibanda chake cha kazi Bondeni, na mara mojamoja gari kama hilo lililetwa kwake, viti vimepasuka kwa jua la pwani. Kwa baba, kiti kilichopasuka ni kiti cha kushonwa, basi. Hakuuliza kiwanda kilitumia nini. Aliuliza mambo mawili: mteja ana kiasi gani, na Mhindi wa dukani ana kitambaa gani wiki hii. Akipata majibu, anachora kwa chaki, anakata, anakalia cherehani.

Mwaka 1988 nilibahatika kwenda Uingereza, nikapata kazi katika karakana ndogo ya mkoa wa Oxford iliyokuwa ikitengeneza magari ya zamani. Nilikaa miaka saba. Huko ndiko nilikokutana na watu walioamini kwamba gari lazima lirudi kama lilivyotoka kiwandani, mpaka skrubu. Mwanzoni niliwaona kama wagonjwa. Baadaye nami nikaambukizwa.

Nilifundishwa kulisoma gari kama mwanachuoni anavyosoma kitabu. MGB ya miaka ya kwanza ina mikono ya milango ya kuvuta. Kuanzia mwaka 1965 ikawekwa mikono yenye kitufe cha kubonyeza. Dashibodi ya chuma ilipakwa rangi nyeusi yenye vikunjo vidogovidogo, ukiipitishia kidole unavisikia. Atakayeipaka rangi laini amekwisha kujionyesha kuwa hajui. Grili ya mbele ilikuwa na vyuma vya kusimama na alama ya pembe nane katikati, ikadumu hivyo hadi mwaka 1969. Redio ilinunuliwa kwa bei ya ziada, na asiyeinunua alipewa kibati chenye herufi MG kuziba nafasi yake. Siku hizi watu hukitafuta kibati hicho kwa udi na uvumba, yaani wanatafuta ushahidi wa kitu ambacho hakikuwapo. Hata hita ilikuwa ya ziada, katika nchi yenye baridi ile! Na ukiona bampa nene nyeusi ya mpira mahali pa kromu, jua gari hilo limetoka mwishoni mwa mwaka 1974 au baada yake, sheria za usalama za Marekani zilipokuwa zimebadilika, na Marekani ndiyo iliyokuwa soko kubwa la gari hilo.

Lakini mimi nilikuwa mtu wa viti, na katika viti ndimo nilimopata somo langu kubwa. Viti vya MGB za mwanzo huitwa viti vya ngozi. Fundi asiyejua huagiza ngozi ya kutosha, akakifunika kiti chote mbele na nyuma, kikapendeza, mwenye gari akafurahi. Kumbe kiwanda hakikufanya hivyo. Ngozi iliwekwa pale tu mwili unapogusa: unapokalia na unapoegemea. Pembeni na mgongoni mwa kiti ilikuwa plastiki ya rangi ileile, iliyopigwa chapa ya vinyweleo ili ifanane na ngozi. Mahali viwili hivyo vinapokutana, mshono ulizungushiwa paipingi, ule mkanda mwembamba wenye kamba ndani yake, mara nyingi wa rangi tofauti na kiti. Jicho la mnunuzi lilikimbilia paipingi, likasahau kuuliza ngozi imeishia wapi.

Pale karakana palikuwa na mzee mmoja aliyewahi kushona viti Cowley. Siku moja nilimwonyesha kiti nilichokimaliza, mishono imenyooka kama iliyopigwa rula. Alikigeuzageuza akasema, "Kizuri. Ila sisi hatukuwahi kushona vizuri hivi. Sisi tulikuwa tukifukuzana na saa." Nilicheka, lakini usiku ule nilimfikiria baba. Niliona kwamba kati ya kiwanda kile na kibanda cha Bondeni palikuwa na bahari mbili tu. Kote wawili walibana matumizi, kote wawili walishona kilichokuwapo.

Mwaka huohuo niliofika, 1988, kampuni ya British Motor Heritage ilianza kutoa bodi mpya kabisa za MGB kwa kutumia mashine za zamani. Mtu aliyekuwa na gari lililoliwa na kutu aliweza kununua bodi mpya, akahamishia humo injini yake na viti vyake, kisha akabishana nawe saa nzima kuhusu rangi ya paipingi. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Sikuwacheka, maana nami nilikuwa nikibishana.

Baba alifariki mwaka 1993 nikiwa hukohuko. Sikuwahi mazishi. Nilirudi mwaka 1995 nikakuta kibanda kimefungwa, cherehani ameuziwa mtu, na madaftari ya hesabu, ambamo aliandika kila kazi kwa mkono wake, yameliwa na mchwa yote, yamebaki majalada. Nilikaa sakafuni nikayafungua majalada yale moja moja kama mwendawazimu. Nilibaki na picha yake moja na mkasi wake. Mwandiko wake sikuwa nao hata herufi.

Basi mwaka 2009, nikiwa nimekifungua tena kibanda, alikuja mama mmoja daktari wa watoto. Gari lilikuwa nyuma ya lori: MGB ya mwaka 1964, nyeupe, viti vya rangi ya kahawia. Marehemu baba yake, aliyekuwa wakili, alilinunua mwaka 1970 kwa Mwingereza aliyekuwa akirudi kwao. Tangu mzee afariki lilikaa bandani miaka mingi.

Mama Daktari alikuwa na karatasi mkononi. Ilikuwa cheti kutoka Gaydon, Uingereza, ambako British Motor Industry Heritage Trust imehifadhi madaftari ya viwanda. Ukiwapelekea namba ya gari, watakutolea cheti kinachosema lilitengenezwa lini, lilipelekwa wapi, lilikuwa la rangi gani ndani na nje, na vifaa gani vya ziada lilikuwa navyo. Cheti chake kilisema: nje, nyekundu iliyoitwa Tartan Red, ndani, nyeusi, hita, hakuna.

"Fundi," alisema, "nataka liwe kama lilivyotoka kiwandani. Kila kitu."

"Hata viti, Daktari? Hii kahawia imeshonwa vizuri."

"Kila kitu."

Nilikuwa na sababu ya kuuliza. Nilikuwa nimekwisha kuinama nikauona mshono. Baba alikuwa akifika mwisho wa mshono hurudi nyuma hatua tatu, kisha hufunga fundo upande wa chini, pasipoonekana. Sijamwona fundi mwingine anayefanya vile, isipokuwa mimi, kwa sababu alinipiga mpaka nikajua. Nilimwambia, "Viti hivi vilishonwa na marehemu baba yangu."

Alinitazama kwa muda. "Na kahawia ilichaguliwa na marehemu baba yangu," akasema. "Hakuipenda. Alitaka ngozi. Mwaka ule fedha ziliingia katika karo yangu, na kila nikikaa naye humu ananiambia, 'Siku moja, mwanangu, tutatia ngozi.' Sasa nataka ngozi tupu, Fundi, mbele na nyuma."

Hapo nikamweleza habari ya viti vya Cowley, kwamba akitaka asili, ngozi iko mbele tu, na kwingine ni plastiki. Hakuniamini mpaka nilipolivua kochi la kiti cha abiria. Chini ya fremu baba alikuwa ameacha ukingo wa kifuniko cha kwanza, umebanwa na chuma. Kilikuwa kipande cha upana wa kidole: upande mmoja ngozi nyeusi, upande wa pili plastiki nyeusi, na kati yake paipingi nyekundu, bado mbichi kwa sababu jua halikuwahi kuifikia.

Mama Daktari alikishika akakigeuza. "Yaani hata Waingereza wenyewe hawakutia ngozi yote?"

"Hawakutia."

"Basi mzee wangu aliona haya bure," akasema, akacheka, kisha akatoka nje kidogo akasimama peke yake kabla ya kurudi.

Kazi ile niliifanya kwa moyo. Niliagiza ngozi, nikaagiza plastiki ya chapa inayofaa, nikashona paipingi nyekundu. Niliitoa redio ya kaseti nikamtafutia kibati chenye herufi MG. Hita iliyotiwa baadaye nikaing'oa. Vifuniko vya kahawia Mama Daktari alivikunja mwenyewe akavitia ndani ya mfuko akaenda navyo. Hakuniuliza kama navitaka, nami sikuomba. Vilikuwa vyake.

Milango niliiacha mwisho. Ubao wa ndani ya mlango wa MGB ni hadibodi iliyovishwa plastiki. Baba, kwa kubana matumizi, hakukata mbao mpya. Alizibandua plastiki za zamani akavisha za kahawia juu ya mbao zilezile. Wa kulia nilipoubandua ulikuwa mtupu nyuma. Wa kushoto nikaugeuza kwenye mwanga.

Kwenye pembe ya juu palikuwa na namba tatu na alama ya vema, zimeandikwa haraka kwa kalamu ya nta ya buluu. Huyo ndiye mtu wa Cowley. Na chini yake, kwa penseli, kwa herufi za Kiarabu kama walivyozoea kuandika Kiswahili wazee wetu, palikuwa na jina la baba, kisha "Bondeni, Juni 1972", kisha mstari mmoja zaidi: "Mlango huu umenisumbua."

Sikumbuki nilikaa muda gani. Nakumbuka kijana wangu wa kazi aliniuliza kama nimejikata.

Jioni ile niliuzungushia ubao gazeti nikaenda nao nyumbani. Asubuhi nilimpigia simu Mama Daktari nikamwambia ubao wa kushoto umeliwa na mchwa, nitakata mpya. Akauliza kama anaweza kuuona. Nikasema nimekwisha kuutupa. Kati ya visingizio vyote duniani, ulimi wangu ulichagua mchwa. Na katika hesabu ya mwisho nikamwandikia, pamoja na gundi na klipu, bei ya hadibodi mpya. Akalipa bila kuuliza.

Ubao nilioukata ulikuwa sawasawa, tundu kwa tundu. Ukivishwa, hakuna jicho ambalo lingetofautisha. Nilijiambia kwamba sikumpunguzia chochote. Gari lake lilikuwa linang'aa, ubao uko ndani ya mlango, na hakuna anayevua mlango kutazama nyuma ya ubao. Nilijiambia pia kwamba kama kuna mtu mwenye haki ya ubao ule, ni mimi. Hoja zangu zilikuwa nzuri. Ila niliuweka ubao chini ya kitanda, si ukutani, na mtu haweki haki yake chini ya kitanda.

Mama Daktari alilipeleka gari kwenye maonyesho ya magari ya zamani Nairobi, akaniomba niende naye. Waamuzi walizunguka na madaftari yao. Wakapiga magoti kutazama mikono ya milango, wakapitisha kidole kwenye dashibodi, wakaisifu paipingi. Mmoja akauliza kama mbao za milango ni za kiwandani. Mama Daktari akajibu kwa sauti ya mtu asiyetaka kupewa sifa asiyostahili: "Wa kulia ndio. Wa kushoto uliliwa na mchwa, fundi wangu huyu akakata mpya." Kisha akainama akayaandika maneno hayo kwenye fomu, kwa mwandiko wake mzuri wa shule, akatia sahihi.

Mimi nilikuwa nimesimama kando yake nikiwa na kitambaa cha kufutia vumbi. Nimeona watu wengi wakisema uongo kuhusu magari: kilomita zilizorudishwa nyuma, injini zilizobadilishwa namba. Sikuwahi kumwona mtu akisema uongo kwa ajili ya ukweli wake, na uongo wenyewe ukawa ni wangu.

Tuliporudi Mombasa nilikwenda kwake Tudor, na ubao kwapani, na fedha za hadibodi mfukoni. Nilimweleza yote mlangoni, kabla hajanikaribisha, nikichelea kwamba nikiketi nitapunguza maneno. Alisikiliza. Aliuchukua ubao akautazama upande wa nyuma, akapitisha kidole kwenye kalamu ya buluu, kisha kwenye penseli.

"Mimi herufi hizi sizijui. Nisomee."

Nikamsomea. Nilipofika "Mlango huu umenisumbua" alitaka kujizuia, akashindwa, akacheka. "Unasumbua mpaka leo," alisema. "Haufungi mpaka uupige mara mbili." Kisha uso wake ukabadilika.

"Fundi, ungeniomba ningekupa."

"Najua, Daktari."

"Basi sasa sikupi. Kesho uje uurudishe mahali pake."

Sikumlaumu wakati ule wala simlaumu leo. Aliniamini akaandika maneno yangu kwa mkono wake. Alikuwa na haki ya kudai neno lake lirudi kuwa kweli. Kesho yake nilikwenda. Nilivua plastiki kwenye ubao wangu nikaivisha kwenye ubao wa Cowley, na kabla ya kuubana nikaupiga picha. Picha ninayo. Lakini baba alikuwa akikandamiza penseli mno, na pale kwenye ubao herufi zimezama, ukigusa unazisikia. Kwenye picha huzisikii.

Tangu siku ile nimepunguza ubishi kuhusu asili. Bado nashona ngozi mbele na plastiki nyuma, na mteja akitaka kuzidisha namweleza ukweli, maana kuzidisha ni kumsemea uongo mfanyakazi aliyekwisha kufa. Lakini mteja akiniletea gari lenye kiti kilichoshonwa mahali pengine, Tanga au Kisumu au popote, kwa kitambaa kilichokuwapo wiki ile, namwomba tukitazame vizuri kwanza kabla ya kushika mkasi. Cheti kinaeleza siku gari lilipotoka kiwandani, na kwa siku ile ni shahidi mwaminifu. Habari za mtu aliyetaka ngozi akalipa karo haziko Gaydon.

Gari lile huja kwangu kila baada ya mwaka au miaka miwili, turubai likihitaji mshono. Mama Daktari huniletea mwenyewe, na tunaamkiana kama kawaida. Akishuka abiria wake, mlango wa kushoto hupigwa mara mbili, nami huinua kichwa.

Ubao ule nilioukata mimi ninao hapa karakana. Nautumia kama kipimo MGB nyingine zikija. Una tundu zote mahali pake, na nyuma yake sijaandika kitu.